Shajara ya mradi: makomeo yenye ufunguo kwenye boneti ya Land Rover 110

Jumamosi, kilomita 318,440

Gari ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya 300Tdi ya lita 2.5, na makazi yake ni Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari hufika mchana kutwa. Ninaianza shajara hii leo kwa sababu wiki iliyopita, nikirudi kutoka Muheza kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa hivi, boneti ilifyatuka kutoka kwenye komeo lake, ikainuka kiasi cha vidole viwili na kuzuiwa na ndoano ya usalama peke yake. Juu ya boneti hiyo kuna tairi la akiba la inchi 16 pamoja na ringi yake ya chuma, mzigo unaozidi kilo 30. Niliegesha pembeni, nikazima injini, na nilipoitazama ile ndoano nyembamba iliyobaki kati ya mzigo huo na kioo cha mbele, niliamua kwamba gari halitatoka tena nje ya mji mpaka jambo hili lipatiwe dawa ya kudumu.

Leo nimelifungua komeo la asili na kulikagua. Kwa asiyelifahamu, ujenzi wake ni huu: katikati ya ukingo wa mbele wa boneti, upande wa chini, kuna pini fupi iliyovikwa springi, boneti inaposhushwa pini hiyo huingia kwenye tundu la bati la mbele ambalo boneti hulikalia, na humo hunaswa na ulimi wa chuma unaorudishwa na springi yake yenyewe. Dereva akivuta kishikio kilichoko chini ya dashbodi, kebo huuvuta ulimi pembeni, pini huachiliwa, na springi iliyoizunguka huisukuma boneti juu kidogo hadi kwenye ndoano. Ni ujenzi mzuri na rahisi. Katika gari langu, hata hivyo, ulimi ulikuwa umelika upande mmoja hadi ukingo wake ukawa wa mviringo, springi ya kuurudisha ilikuwa imekula kutu, na shingo ya pini ilikuwa na mfereji unaoonekana kwa macho. Sioni sababu ya kulilaumu komeo lenyewe, kwa kuwa limefanya kazi karibu miaka 30 kando ya chumvi huku likibeba tairi ambalo, kila gari linapopita kwenye mawimbi ya barabara ya changarawe, huruka na kutua na kulivuta juu pigo baada ya pigo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ulinzi. Komeo la asili halina ufunguo. Kinga yake yote ni kwamba kishikio kiko ndani ya gari. Jirani yangu ameshaibiwa altaneta usiku, milango ya gari lake ikiwa imefungwa vizuri na haikuguswa. Kwa hiyo nimekusudia kufunga makomeo mawili mapya ya kununua, kila moja likiwa na ufunguo, moja kulia na moja kushoto, ili mzigo ugawanyike na boneti isifunguliwe na asiyehusika.

Nilifikiria pia kulihamisha tairi na kuliweka kwenye mlango wa nyuma. Nimeliacha wazo hilo, kwani mlango wa nyuma wa 110 nao huchoka: bawaba hulegea, na bati la mlango hupasuka pale kishikio cha tairi kilipofungwa. Tairi litabaki lilipo, na makomeo yatachaguliwa kwa kuzingatia hivyo.

Jumapili

Nimeutumia mchana mzima kuchagua aina ya komeo, na naona heri niandike hoja zangu, kwa kuwa hapa ndipo kazi hii huharibika kabla hata drili haijawashwa.

Aina ya kwanza ni komeo la pembeni, linalofungwa nusu kwenye ubavu wa boneti na nusu kwenye madigadi, lenye mkono unaobanwa chini na kitundu cha kufuli. Linapendeza, na halihitaji tundu kubwa kwenye boneti. Nilipoyapima madigadi kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, hata hivyo, nilipata bati la alumini la milimita 1.2, tena lisilo na kiunzi chochote chini yake mahali ambapo komeo lingekaa. Kilo 30 zinazoruka zingeling'oa, au zingelipinda bati mpaka boneti isikae tena sawa.

Aina ya pili ni ile ambayo wengi wetu tuliiona kwanza kwenye magari ya mashindano, yakiwemo ya Safari Rally: pini inasimama wima kwenye bati la mbele, inapita kwenye boneti, na inakamatwa kwa juu. Aina ya kisasa haina kile kibanio cha waya kinachoning'inia. Ina kikombe cha umbo la yai kinachokaa karibu sawa na uso wa boneti, chenye mkono mdogo unaolala, ulimi unaopenya kwenye kitundu cha pini, na ufunguo. Hii ndiyo niliyoinunua, jozi moja yenye ufunguo unaofanana kwa pande zote mbili.

Kilichonishawishi ni njia ambayo nguvu hupita. Nilichukua sumaku ndogo nikazunguka nayo mbele yote ya gari. Haikushika ganda la boneti, haikushika madigadi, ila ilishika kwa nguvu bati la mbele ambalo boneti hulikalia. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao nchini Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Desturi hiyo iliendelea kwa miongo mingi, na gari langu ni mrithi wake. Kwa hiyo, ukitaka kuishikilia boneti kwa nguvu ya kweli, shikilia kwenye chuma. Ufunguo ni nyongeza tu. Komeo lenye ufunguo mgumu kiasi gani, likifungwa kwenye bati laini, litang'oka na bati lake.

Jumamosi ya pili, kilomita 318,462

Leo sikutoboa chochote. Nilikuja nimejiandaa kutoboa, lakini mzee wangu fundi bodi, ambaye ameyanyoosha magari ya mashamba ya mkonge tangu ujana wake, aliizunguka boneti mara moja, akainama, akaweka kidole kwenye mwanya wa kushoto na kisha wa kulia.

"Mwanangu," alisema, "hili boneti limelala upande. Ukilitoboa leo, utakuwa umeufunga ubovu kwa ufunguo."

Alikuwa na haki. Mwanya wa kushoto ulikuwa milimita 4 na wa kulia milimita 9. Bawaba ya kulia ilikuwa na mchezo mkubwa. Ukiinua kona ya boneti kwa mkono, unaisikia ikigonga. Pini ya komeo jipya haivumilii mchezo wa namna hiyo, kwa kuwa haina mahali pa kujirekebisha: ikiwa boneti itatua leo hapa na kesho pale, pini itakwaruza mdomo wa kikombe hadi ukatike.

Tulibadilisha vikombe vya plastiki vya bawaba zote mbili, tukalegeza bolti, tukaipanga boneti mpaka mianya ikawa milimita 6 na 6, kisha tukakaza. Raba ambazo boneti hutua juu yake nazo zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama kwato, tukazibadilisha. Raba zina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu komeo huvuta boneti chini na raba huisukuma juu, na ni mvutano huo unaoizuia isitetemeke. Boneti isiyo na raba nzima haitatulia, hata ukiifunga kwa makomeo manne.

Jumapili

Pini. Nilichora mstari wa katikati kwenye bati la mbele kwa kupima kutoka pande zote mbili, kisha nikapima milimita 310 kwenda kila upande. Nafasi hiyo nimeichagua kwa sababu tatu: iko nje ya kishikio cha tairi, haikutani na kiunzi cha ndani cha boneti, na chini yake mkono wangu unaingia pamoja na spana. Hili la tatu ndilo lililonifanya niikatae nafasi ya milimita 360, ambayo ingependeza zaidi kwa macho.

Chini ya bati hilo ziko rejeta na intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini), na mapezi yake ni laini kiasi kwamba chembe moja ya chuma iliyotoka kwenye drili ikianguka humo huenda ikakaa miezi ikisugua mrija. Kabla ya kutoboa nilipitisha kipande cha plaiwudi kati ya bati na rejeta, nikakilazia kitambaa kilicholowa maji. Baada ya kazi nilikivuta kitambaa taratibu, na chembe zote zilikuwa zimenata humo, zikimetameta kama magamba ya dagaa.

Nilianza na tundu la milimita 3, kisha 6, kisha 10. Chini ya kila tundu nimeweka bamba la chuma la milimita 60 kwa 60, unene wa milimita 3, ili mvutano wa pini usambae kwenye eneo pana badala ya kukusanyika kwenye ukingo wa tundu. Pini inakazwa kwa nati mbili, moja juu ya bati na nyingine chini ya bamba, na kwa nati hizo ndipo kimo chake hurekebishwa. Mabamba nimeyapaka praima ya zinki na rangi nyeusi kabla ya kuyafunga.

Jumamosi ya tatu

Siku ndefu. Ni leo boneti yenyewe ilipokatwa, na kosa la leo halifutiki.

Kwanza ni kuhamisha alama. Nilizishusha pini hadi ncha zikawa zinagusa chini ya boneti pale tu inapokuwa imefungwa kabisa, nikazipaka ncha hizo chaki iliyochanganywa na greisi, nikashusha boneti taratibu na kuikandamiza mara moja. Alama mbili nyeupe zilibaki upande wa chini. Njia hii ni bora kuliko kupima kwa rula kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu boneti yenyewe ndiyo inayosema itatua wapi.

Hata hivyo alama hiyo inasema mahali pini itakapokuwa boneti ikiwa imefungwa, na haisemi njia itakayoipitia. Boneti haishuki wima. Inazunguka kwenye bawaba zilizoko nyuma, na bawaba hizo ziko juu kuliko pini. Nilipima: kutoka kwenye bawaba hadi kwenye pini ni milimita 1,080, bawaba iko juu kwa milimita 70, na pini itachomoza milimita 38. Milimita 38 zikigawanywa kwa 1,080 hutoa 0.035, yaani pembe ya takriban digrii 2, na uwiano huo ukizidishwa kwa kile kimo cha milimita 70 hutoa milimita mbili na nusu za kwenda mbele na nyuma. Maana yake ni kwamba boneti inaposhuka, mdomo wa kikombe huja ukitokea mbele kidogo na kurudi nyuma, na ncha ya pini hukutana kwanza na ukingo wa nyuma wa mdomo. Pini yangu ni milimita 10 na mdomo ni milimita 14, yaani kuna nafasi ya milimita 2 tu kila upande. Ingegusa. Kwa hiyo nilikisogeza kiolezo, karatasi yenye umbo la tundu la kukata, nyuma kwa milimita moja kamili kutoka kwenye alama ya chaki, ili nafasi ya nyuma iwe milimita 3 na ya mbele ibaki milimita 1. Ni hesabu ndogo, lakini bila hiyo ningekuwa na komeo linalofunga kwa kupigwa ngumi.

Kisha kukata. Tulitoboa tundu dogo kutoka chini kwenye kila alama, tukabandika juu tepu ya karatasi tabaka mbili, tukabandika kiolezo, tukapiga panchi kwenye pembe na kutoboa mashimo ya kuanzia. Mzee hakutaka msumeno wa umeme uguse rangi, akatoa msumeno wa mkono wenye meno madogo na tupa mbili, moja bapa na moja ya nusu duara.

"Alumini haitaki haraka," alisema. "Ukiisukuma, inakuganda kwenye tupa, halafu inakukwaruzia kazi."

Akaisugua tupa kwa chaki mpaka meno yote yakawa meupe. Chaki hujaza nafasi kati ya meno, hivyo alumini laini haipati pa kujikwamisha, na kila baada ya mapito kumi au kumi na tano alikuwa akiigonga tupa kwenye ubao na kuisugua chaki upya. Kwenye drili alitumia mafuta ya taa, tone moja moja. Nimekaa mara nyingi karibu na mafundi, lakini sijawahi kuona ukingo wa bati ukitoka laini namna ile kwa mkono mtupu. Nilipitisha kidole na sikuhisi hata jino moja.

Upande wa kushoto ulikwenda hivyo. Upande wa kulia nilifanya mwenyewe, na hapo ndipo penye kosa. Kiolezo cha karatasi kina mbele na nyuma, maana kikombe kina mwisho mpana na mwisho mwembamba. Bawaba ya mkono wa komeo lazima ikae mbele, ili ikitokea mkono umeachwa bila kufungwa, upepo uulaze badala ya kuuinua. Nilipokigeuza kiolezo kwa ajili ya upande wa pili nilikigeuza pia mbele nyuma bila kutambua, na nilikuwa nimeshakata kona moja ya mwisho mpana nilipoona kwamba inaelekea kwenye grili badala ya kioo. Kona hiyo imezidi mstari sahihi kwa milimita 4. Fremu ya komeo inaifunika kwa milimita 3, kwa hiyo sehemu ya milimita 1 ingebaki wazi daima, njia ya maji na vumbi. Mzee alikata kipande cha alumini cha ukubwa wa ukucha, akakiweka kwa chini kwa ribiti mbili na gundi ya epoksi, akajaza juu na kusawazisha kwa msasa. Kosa halionekani. Lakini mimi najua lilipo, na anayefuata nyayo hizi na aandike neno MBELE kwa kalamu kubwa juu ya kiolezo, na alirudie kwenye tepu ya boneti, kabla ya kukata chochote.

Jumatatu jioni

Kingo zote mbili nimezipiga msasa laini, nimezifuta kwa spiriti na kuzipaka praima ya alumini, kisha rangi. Sikutaka kuruka hatua hii kwa sababu ya mahali ninapoishi. Chuma cha pua kikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na huliwa haraka zaidi ikiwa eneo la chuma cha pua ni kubwa kulinganisha na la alumini iliyo wazi. Nilipofungua bolti za zamani za kishikio cha tairi nilikuta chini yake unga mweupe, na bati limetobokatoboka kama jani lililoliwa na viwavi. Skrubu za makomeo ni za chuma cha pua. Kila moja nimeiwekea washa ya nailoni na greisi kwenye uzi, na chini ya fremu nimezungusha silikoni nyembamba.

Jumatano, kilomita 318,471

Makomeo yamefungwa. Kurekebisha kimo cha pini kumechukua muda mrefu kuliko kuyafunga. Uzi wa pini unapanda milimita 1.5 kwa kila mzunguko wa nati, kwa hiyo nusu mzunguko ni robo tatu ya milimita, na tofauti hiyo inasikika kwenye kidole gumba. Ikiwa juu mno, ulimi unaingia bila upinzani na boneti inagonga. Ikiwa chini mno, lazima mtu aegemee boneti kwa uzito wake ndipo mkono ulale, na kikombe ambacho mwili wake ni wa plastiki ngumu hakitadumu kwa kulazimishwa hivyo kila siku. Nimeacha pale ambapo gumba moja, likisukuma kwa nia, linaulaza mkono na kusikika mlio mmoja mkavu. Kushoto ilinichukua mara tatu, kulia mara tano.

Mke wangu, ambaye huliendesha gari hili mara nyingi kuliko mimi kwenda shambani, alijaribu na kusema la kushoto ni gumu kidogo kwake. Nikalipandisha robo mzunguko. Komeo ambalo mmoja wa madereva wawili hawezi kulifunga halijakamilika.

Komeo la asili la katikati nimeliacha likifanya kazi kama tegemeo la ziada, nikiwa nimebadilisha ulimi na springi.

Jumapili, kilomita 318,588

Majaribio ya kwanza kwenye njia za mashamba ya mkonge, kwenda na kurudi, tairi likiwa juu ya boneti. Nilibandika ukanda wa tepu kuvuka mwanya wa kila upande nikauchora mstari wa kalamu, ili nione kama boneti imesogea. Mstari haukukatika. Kwa mara ya kwanza tangu nilinunue gari hili, tairi halionekani likicheza mbele ya macho yangu ninapopita kwenye mawimbi ya barabara.

Nyumbani niliimwagia boneti maji kwa mpira kwa dakika kumi. Maji machache yanapita kwenye mdomo wa kikombe na kudondokea juu ya bati la mbele, hayafiki kwenye umeme. Nimeridhika nalo.

Jumamosi ya tano, kilomita 318,790

Kasoro mbili, na ya pili imenifanya nibadilishe uamuzi.

Ya kwanza: nati ya chini ya pini ya kushoto imelegea. Haikufunguka kwa mtikisiko peke yake. Rangi niliyoipaka nene kwenye bamba ilikuwa imebonyea chini ya nati, na nati ikapoteza mkazo wake. Nimeikwangua rangi hiyo mahali nati inapokaa, nikaacha praima nyembamba tu, nikakaza upya na kuongeza nati yenye pete ya nailoni chini yake. La kulia nimelifanyia vivyo hivyo bila kungoja lilegee.

Ya pili: juzi kebo ya komeo la asili ilikwama. Nilifungua makomeo yote mawili kwa ufunguo, nikavuta kishikio, na boneti haikufunguka, kwa kuwa kebo ilikuwa imeshachanika nyuzi ndani ya ala yake. Tuliifungua kwa koleo kupitia kwenye grili, kwa zaidi ya nusu saa. Nikiwa nimeinama pale nilielewa kosa la fikra zangu. Nilidhani komeo la tatu ni usalama wa ziada, kumbe boneti yenye mifumo miwili hufunguka pale tu yote miwili inapokubali, na mfumo mmoja ukifa, mwingine hausaidii kitu. Kama ingekuwa ni moto wa waya, ningekuwa na ufunguo mkononi na injini isiyofikika.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, kwa magari ya mashindano zinalisema jambo hili waziwazi: boneti iwe na vifungio vya ziada visivyopungua viwili, vikiwa na mishale ya rangi inayojitenga ili anayekuja kuokoa avione mara moja, na mfumo wa asili uondolewe au uzimwe. Nilikuwa nikiichukulia kanuni hiyo kama jambo la mashindano. Leo nimeitoa pini ya katikati pamoja na springi yake, na kebo nimeivuta yote. Ndoano ya usalama nimeibakiza, kwa kuwa hiyo hufunguliwa kwa kidole kutoka mbele na haitegemei kebo yoyote. Springi ilipoondoka, boneti ilikosa msukumo wa katikati, kwa hiyo nimeongeza raba mbili zenye uzi wa kurekebisha kimo, kandokando ya tundu la zamani, na tundu lenyewe nimeliziba kwa kizibo cha raba.

Kuhusu moto, ufunguo mmoja uko kwenye pete ya ufunguo wa gari, na wa pili umefungwa kwa uzi kwenye shingo ya kizimamoto kilichoko chini ya kiti cha dereva. Atakayekishika kizimamoto ameshika na ufunguo. Kwenye kila komeo nimebandika mshale mwekundu.

Jumapili, kilomita 319,410

Pini zimekaa, na mistari ya kalamu niliyoichora kwenye nati zote haijasogea hata unywele. Mtikisiko hakuna. Vumbi la njia za shamba limeanza kuingia kwenye tundu la ufunguo, na la kulia likawa zito. Sikutia mafuta, kwa kuwa mafuta hushika vumbi na kuligeuza tope. Nimetia unga wa grafiti kidogo, nikaingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa, na sasa unazunguka vizuri. Uliomwagika kwenye boneti niliufuta papo hapo kwa kitambaa chenye spiriti, kwani grafiti ikikaa juu ya alumini yenye unyevu huanzisha kutu ileile niliyoikimbia kwa washa za nailoni.

Kilichobaki ni vifuniko vya raba vya matundu ya ufunguo. Nimekata vya majaribio kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, vinavyoshikwa na skrubu moja ya fremu na kugeuzwa pembeni kwa kidole. Cha kushoto kimekaa sawa. Cha kulia nitakikata upya wiki ijayo, kiwe kirefu zaidi kwa nusu sentimita.